Kuanzisha Timu ya Netiboli Katika Chuo Kikuu Kidogo
Chuo kikuu chenye wanafunzi wachache kisianze na soka, linalodai wachezaji 11 na uwanja mpana, bali kianze na netiboli, inayohitaji wachezaji 7 na kiwanja cha mita 30.5 kwa 15.25 tu. Pima nguzo kwanza: pete ikae mita 3.05 kutoka ardhini, kwa kuwa mfungaji aliyezoea pete iliyo chini ya kimo hicho hukosa magoli ya wazi akienda ugenini. Sajili wachezaji 12, kwani robo 4 za dakika 15 huchosha, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tuseme ukweli, hutoweka utafiti ukikaribia. Jezi mpya zinaweza kusubiri, lakini vizibao vyenye herufi za nafasi anayocheza kila mchezaji haviwezi, maana bila herufi mchezaji haruhusiwi kucheza.