Winta inakuja, pikipiki utailaza wapi?

Kwa wale tulio huku Minnesota, barafu ikianza tu barabara zinamwagwa chumvi na chumvi inakula chuma balaa, sasa pikipiki itafutie pa kulala mpaka Aprili hivi. Gereji ya nyumbani ndo bora, hata kama haina hita, ilimradi pakavu na kuna soketi ya kuchomekea chaja ya betri, ila usiipaki karibu na hita ya maji ya gesi, mvuke wa petroli na ule moto wake havipatani kabisa.

Huna gereji? Kodi stoo, lakini kabla hujalipa nenda kaangalie mwenyewe, papasa sakafu na kona za ukuta, ukisikia unyevu au ukaona mavi ya panya geuza, mi walinijazia vitambaa na maganda ya karanga kwenye boksi la ea filta, ile chujio ya hewa ya injini, nikaja kujua Aprili chombo kinakohoa tu hakitaki kuwaka. Uliza pia kama wanaruhusu tangi lenye mafuta.

Nje kabisa? Weka ubao chini ya stendi, tafuta kava linalopitisha hewa, lile turubai la plastiki linafuga unyevu ndani, kutu hiyo. Betri ing'oe, lala nayo ndani.