Una presha? Tizi la kuishusha ni hili, na unaanza kwa kutembea

Ukishapimwa siku tofauti na mashine ikawa inasoma 140 kwa 90 au zaidi, kliniki utaambiwa punguza chumvi, punguza uzito, meza dawa, fanya mazoezi. Kwenye chumvi na dawa unaelekezwa vizuri ila kwenye mazoezi wengi wanaondoka bila kujua mazoezi gani, muda gani, kasi gani, matokeo yake mtu anajitutumua siku moja, anaumwa miguu wiki nzima, basi ndo imetoka hiyo.

Tizi linalopendekezwa zaidi kushusha presha ni lile la kuhema, yani unaupeleka moyo mbio kiasi kwa muda mfululizo: kutembea haraka, mchakamchaka, baiskeli, kuogelea, kuruka kamba, hata kucheza mziki sebuleni. Kama hujazoea, tafadhali anza na kutembea. Jimu sio lazima, tafuta raba inayokaa vizuri mguuni na njia isiyo na magari mengi.

Kasi yake utaijua kwa mdomo. Tembea huku unaongea na mwenzako, ukiona unaweza kuimba wimbo mzima bila kukatika pumzi ujue unatembea kama uko sokoni, ongeza mwendo. Ukiona hata kumjibu sentensi moja unashindwa, punguza. Unatakiwa uwe katikati, unaongea ila kuimba huwezi. Hii ni muhimu zaidi kwa anayemeza dawa ya presha iitwayo atenolol na zingine za kundi lake maana zinazuia mapigo ya moyo yasipande sana, kwahiyo saa ya mkononi inaweza kukuonyesha bado uko chini wakati mwili umeshafika.

Sasa muda. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima tupate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya kasi hiyo ya kati, yani nusu saa siku tano ndo kiwango cha chini. Usianze na nusu saa kama ulikuwa unakaa tu, anza na dakika 10, wiki inayofuata 15, unapanda hivyo hivyo. Na unaweza kugawa, dakika 15 asubuhi kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya kazini, 15 jioni ukirudi. Kwa walio Dar, Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita 1 na kidogo na lina njia ya waenda kwa miguu, ukienda na kurudi kwa mwendo wa kukaza ni kama dakika 25, nenda saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kitu nachotaka ushike kuliko vyote ni kurudia. Ukimaliza kutembea mishipa inabaki imelegea na presha inakaa chini kwa masaa kadhaa, kwa wengine karibu siku nzima, afu inaanza kurudi. Ndo maana yule anayekimbia na klabu ya jogingi Jumapili asubuhi kilomita kibao halafu Jumatatu mpaka Jumamosi amekaa kwenye kiti anaweza kupata faida ndogo kuliko mama anayetembea nusu saa karibu kila siku. Klabu ni nzuri sana, nendeni, ila siku za katikati usizitupe.

Dakika 5 za mwanzo nenda taratibu, na mwishoni pia usisimame ghafla, damu inabaki miguuni na unaweza kuona kizunguzungu hasa kama uko kwenye dawa, tembea polepole mpaka pumzi itulie ndo ukae. Ukiona kifua kinabana, pumzi inakata isivyo kawaida, au upande mmoja wa mwili unalegea, acha hapo hapo na uwahishwe hospitali. Na kama presha yako imefika 180 kwa 110 usianze tizi kwanza, muone daktari ishuke. Wanaotumia dawa za kukojoza wawe makini na joto, waulize kliniki wanywe maji kiasi gani maana mwenye shida ya moyo au figo hanywi kama wengine.

Kupima nako kuna utaratibu. Usipime ukiwa ndo umetoka mazoezini: ukiwa bado unahema namba inaweza kuwa juu na utaogopa bure, ukishatulia inaweza kuwa chini kuliko kawaida yako. Pima asubuhi kabla ya tizi, kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kahawa na sigara visiwepo nusu saa kabla. Andika kwenye daftari. Ukienda hivi miezi miwili mitatu, namba ya juu inaweza kushuka pointi 5 mpaka 8, na kwa mwenye presha huo ni mshuko wa maana kabisa. Ukiacha, ndani ya wiki chache inarudi ilipokuwa, kwahiyo ukikatishwa na malaria au safari rudi na dakika 10 tena upande taratibu.

Dawa usijipunguzie hata namba zikiwa nzuri namna gani, beba lile daftari kliniki, daktari akiona mwenendo wake ndo ataamua kama dozi inashuka.