Shuga snapi huliwa na ganda lake: namna ya kuzila mbichi na kuzipika bila kuua utamu

Watu wengi hapa Mombasa wakiziona shuga snapi, hizi minji tamu zenye ganda nene, wazipita tu, ama wanunua halafu wakifika nyumbani wazimenya kama minji, watupa ganda, wabaki na vipunje vichache ambavyo hata kijiko havijazi, kisha wasema kununua hizi mboga ni kutupa pesa. Jamani, ganda ndo chakula chenyewe! Minji ya kawaida ukiifungua utaona ndani ya ganda kuna kijingozi kigumu hivi kama karatasi, ndo maana ganda lake halitafuniki, lakini snapi hazina hicho kijingozi, ganda lake ni nene, lina maji na ni tamu, na punje za ndani ni nyongeza. Zilitoka Marekani, kule Idaho, mtaalamu wa mbegu Calvin Lamborn alichanganya zile minji bapa za kuliwa na ganda pamoja na minji nyengine yenye ganda nene, zikatolewa kwa wakulima 1979, kwa hivyo si mboga ya zamani sana na si ajabu watu wengi hawajaizoea.

Na kitu cha pili, ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: usizipike kama mbaazi. Sisi watu wa pwani tumezoea mboga iive mpaka ilainike iingiane na tui, na mbaazi bila kuchemka muda mrefu hailiki, sawa kabisa, lakini snapi ni kinyume chake. Hii inaliwa mbichi, na ikiingia sufuriani inaingia mwisho, dakika mbili, tatu zikizidi, halafu moto unazimwa. Ukishika hilo tu mengine yote ni rahisi.

Tuanze sokoni. Minji za aina zote hupenda baridi, joto letu hili maua yake hudondoka kabla hayajafunga, kwa hivyo snapi zinazouzwa hapa hutoka bara, zile sehemu za juu kama Nyandarua, Nyeri, Meru na Laikipia, na Kenya hupeleka nyingi Ulaya pia. Maanake ikifika hapa imeshasafiri njia ndefu kwa lori. Na minji yoyote ikishachumwa sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto ndo laharakisha, snapi iliyokaa juani meza ya sokoni mchana kutwa utaila uone haina ladha yoyote, unga unga tu. Kwa hivyo nenda mapema asubuhi, Kongowea ama Marikiti, na si kila siku utazipata, ukikosa jaribu supamaketi zenye friji ya mboga ambapo angalau zimekaa baridi.

Unachagua hivi. Rangi iwe kijani cha kung'aa, isiwe na manjano wala weupe weupe, na kile kikonyo cha juu kiwe bado kibichi hakijanyauka. Ganda lijae lakini punje zisiwe zimetuna sana mpaka ganda limekazana, hizo zimekomaa kupita kiasi na utazitafuna hazishi mdomoni. Halafu muombe muuzaji uvunje moja, ikikatika kwa mlio na ukaona maji chukua, ikipinda tu kama mpira wacha. Zilizolowa maji pia usichukue, huoza haraka.

Ukifika nyumbani usizioshe bado. Zitie kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha tishu cha kunyonya unyevu, usiukaze sana, weka ile droo ya chini ya friji, na ule ndani ya siku tatu nne, kila siku inayopita utamu unapungua. Kama huna friji ama stima kwenu inapotea potea, nunua za siku hiyo hiyo tu, zifunge na kitambaa chenye unyevu uziweke pahali penye kivuli na upepo, jioni ziwe zimeisha.

Kuzitoa uzi sasa, na hii hatua usiiruke, kwa sababu mtu akikutana na ule uzi mdomoni mara ya kwanza harudi tena. Shika kile kikonyo, kivunje kidogo kwa kucha bila kukikata, halafu kivute kushuka chini upande ule ulionyooka, uzi wote utatoka nacho. Zilizokomaa zaidi huwa na uzi pande zote mbili, vuta na upande wa pili kuanzia ncha ya chini. Ukishazoea robo kilo waimaliza huku wapiga hadithi, na watoto wapenda sana hii kazi, wape. Kisha ndo uzioshe, na kwa kuwa utazila mbichi suuza ya mwisho iwe ya maji ya kunywa, si yale ya kisima yenye chumvi.

Kula mbichi ndo napenda mimi kuliko namna zote. Unajua vile maembe mabichi huliwa hapa kwetu na ndimu, chumvi na pilipili ya unga, bas, snapi nazo hivyo hivyo, ila tofauti ni kwamba hapa tamu inatoka kwenye mboga na ukali unatoka kwako. Zitie bakulini zikiwa baridi kutoka kwa friji, kamulia ndimu, nyunyizia pilipili na chumvi kidogo sana, changanya ule papo hapo. Usiziwache zikae na chumvi, chumvi hunyonya maji yake zikawa teketeke. Mwenye presha aiwache chumvi kabisa, ndimu na pilipili zatosha. Ama chukua mtindi mzito kikombe kimoja, kitunguu thomu chembe moja iliyopondwa, kotmiri iliyokatwa ndogo ndogo na ndimu, uwe wachovya. Chatini ya ukwaju nayo yaenda nazo vizuri sana.

Kwa nini nasisitiza hii kama kitu cha kutafuna jioni badala ya krisps za viazi? Gramu 100 za snapi mbichi, ambazo ni kama viganja viwili vilivyojaa, zina kalori 42 hivi, krisps za viazi uzito huo huo zina zaidi ya 500. Halafu hizo gramu 100 zakupa faiba gramu 2.6, protini karibu gramu 3, na vaitamini C miligramu 60, ambayo ni sehemu kubwa ya ile mwili unahitaji kwa siku. Kuna madini ya chuma pia, miligramu 2 hivi, na hapa pana jambo zuri, chuma cha kwenye mboga mwili hukichukua kwa shida lakini vaitamini C huusaidia, na snapi zina vyote viwili pamoja, ukikamulia na ndimu ndo zaidi. Ila chai ya rangi hukizuia kile chuma, kwa hivyo kama umezila sababu damu yako iko chini, chai ingoje saa moja hivi. Na sukari yake ni kidogo, gramu 4 tu, haifanani kabisa na kaimati ama mabuyu, mwenye kisukari anaweza kuzitafuna kati ya chakula na chakula na roho yake ikatulia. Tumbo lako kama ni la kujaa gesi haraka anza na chache.

Kwa watoto wa shule zaingia kwenye lanchi boksi bila kupikwa, hazivuji, hazinuki. Lakini mtoto mdogo, wa chini ya miaka minne mitano, usimpe nzima, zile punje za mviringo zaweza kumkaba. Zipasue kwa urefu na punje uzigawe nusu, na uwe umekaa naye akila.

Haya, jikoni. Namna rahisi kabisa ni kikaango kiwe na moto mkali, kijiko kimoja cha mafuta, tia snapi zikiwa kavu (zikiwa na maji zitachemka badala ya kukaangika), zigeuze geuze dakika moja na nusu, tia thomu na tangawizi iliyopondwa, nusu dakika nyengine, zima moto, ndo ukamulie ndimu. Mbona ndimu mwisho? Asidi pamoja na moto huharibu ile rangi ya kijani ikawa kama ya zeituni kuukuu, na ndo sababu pia sufuria usiifunike. Kuchemsha kwenye maji mengi mimi sipendi kabisa, vaitamini C huyeyuka ikabaki kwenye maji unayoyamwaga. Hizo za kukaanga weka kando ya changu wa kuchoma na wali wa nazi uone.

Sasa kamba wa nazi na snapi, hii nataka uifanye. Kamba nusu kilo waliosafishwa, snapi robo kilo zilizotolewa uzi, nazi moja kubwa, kitunguu maji kimoja, nyanya mbili, thomu chembe tatu na tangawizi, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi unavyopenda. Ikune nazi, kamua tui zito uliweke kando, halafu ongeza maji ukamue tui la pili. Kaanga kitunguu kilainike tu, tia thomu, tangawizi na bizari, halafu nyanya mpaka zirojeke, mimina tui la pili na chumvi uwache lichemke mpaka mchuzi ushikane vizuri, hapa usiwe na haraka, kupika kwote kunafanyika hapa kabla kamba na snapi hawajaingia. Mchuzi ukiwa tayari tia kamba, dakika tatu hivi wakigeuka rangi ya waridi wametosha, wakizidi huwa kama raba. Punguza moto, mimina tui zito huku wakoroga polepole lisikatike, na tui likianza kutoa vipovu pembeni ndo utie snapi. Hesabu dakika mbili, zima, kamulia ndimu, kotmiri juu, na upakue hapo hapo manake zikikaa kwenye mchuzi wa moto zaendelea kuiva. Kama kuna mtu atachelewa kuja kula, chake kitie snapi wakati wa kukipasha.

Kiporo cha wali pia wazipenda. Kata snapi vipande vya mshazari, karoti na hoho, kaanga na mayai mawili na wali wa jana uliolala kwenye friji, snapi zikiingia za mwisho kama kawaida. Na kwenye kachumbari zikate nyembamba mbichi uchanganye na nyanya, kitunguu na pilipili, pilau ya Ijumaa itapata kitu cha kukatika mdomoni.

Ukipata nyingi kwa bei nzuri zigandishe. Chemsha maji yatokote, zitumbukize dakika mbili, zitoe moja kwa moja kwenye maji ya barafu mpaka zipoe kabisa, zikaushe kwa kitambaa, zitandaze kwenye sinia ndani ya friza zigande kila moja peke yake, halafu ndo utie kwenye mfuko utoe hewa. Zitakaa miezi. Ila zikishaganda ule mlio wa kuvunjika hupotea, hizo za friza ni za mchuzi na wali tu, na zitie zikiwa na barafu lake hivyo hivyo, usiziyeyushe kwanza.