Mti umetobokatoboka gome? Fanya hivi kabla hujashika msumeno

Juzi nilikuwa na jamaa yangu mmoja, miti yake mitatu imeanza kukauka kuanzia kileleni, afu alipoona vitundu kwenye shina akataka aikate yote siku hiyohiyo na kuni ampelekee shemeji yake. Nikamwambia subiri kwanza. Nimeandika hapa tulichofanya, maana naona watu wengi wanakosea palepale.

Hatua ya 1: Usihamishe kitu

Kuni, magogo, matawi, hata magome, viache palepale. Mdudu anayetoboa mti hafiki mbali kwa mabawa yake, ila akipakiwa kwenye gari anavuka mikoa. Yule mbawakawa wa kijani anayeua miti ya jamii ya Fraxinus, Kiingereza wanaiita ash (mdudu huyo jina lake la kisayansi ni Agrilus planipennis) asili yake Asia Mashariki, Marekani waligundua yupo mwaka 2002 karibu na Detroit, na kuni ni moja ya njia kubwa zilizomsambaza kutoka hapo.

Hatua ya 2: Angalia mti mzima

Anza juu, majani yamepungua wapi, matawi gani yamekauka. Shuka kwenye shina utafute utomvu unaochuruzika, unga wa mbao, gome lililopasuka. Malizia kwenye mizizi. Piga picha.

Hatua ya 3: Pima matundu kwa rula

Usiseme tu "vitundu vidogo", pima. Tundu lenye umbo la herufi D, upana kama milimita 3 au 4, huenda ni aina ya Agrilus. La duara linaloingia penseli, fikiria mbawakawa wenye papasi ndefu. Dogo kama ncha ya kalamu, chini ya milimita 1, huyo anaweza kuwa mbawakawa mdogo anayeitwa Euwallacea, na huyo ndo ananitisha kuliko wote. Ana urefu wa milimita 2 tu, anaingia na kuvu wake anaitwa Fusarium, anampanda ndani ya mti kama shamba lake, na kuvu ndo anaziba njia za maji. Jike anatoka kwenye kiota ameshapandwa na kaka zake, kwa hiyo jike mmoja kwenye gogo moja anatosha kuanzisha ukoo mzima. Afrika Kusini alitambuliwa mwaka 2017 kule Pietermaritzburg.

Weka rula pembeni ya tundu ndo upige picha. Bila rula picha haina kazi.

Hatua ya 4: Kuchukua sampuli (soma yote, usiruke)

Hapa mimi nilipoteza wiki tatu. Nilikata kipande cheusi kabisa, kikavu, kilichooza, nikiamini ugonjwa umejaa pale, nikatia kwenye mfuko wa plastiki, nikauacha garini mpaka kesho yake. Majibu ya maabara yakaja kwamba wameona kuvu wa kuozesha tu, leta sampuli nyingine. Muda wote huo ugonjwa unaendelea kupanda kwenye miti ya jirani.

Sehemu iliyokufa kabisa mkosaji ameshapita, waliobaki ni wala mabaki. Unachotaka ni mpaka, pale penye uzima panapokutana na penye ugonjwa. Chukua kisu kikali, chonga gome taratibu kutoka kwenye kidonda kwenda nje, utaona rangi inabadilika, ndani kahawia, ukisogea inakuwa nyeupe au kijani yenye unyevu. Kata kipande chenye pande zote mbili, nusu kahawia nusu kizima. Chukua sehemu tatu nne za mti, sio moja.

Funga kwenye karatasi. Plastiki inatoa jasho na ukungu wa kawaida unakua juu ya kila kitu. Weka kivulini au kwenye boksi la baridi, usigandishe, na ipeleke siku hiyohiyo ukiweza.

Wadudu ni habari tofauti. Hao wanaingia kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70, kwa sababu mdudu hai akitoroka njiani msambazaji ni wewe. Mabuu yamwagie maji ya moto kwanza ndo uyatie kwenye spiriti, la sivyo yanageuka meusi na mtaalamu anashindwa kuyasoma. Lakini kipande cha ugonjwa USIKITIE kwenye spiriti, unamuua kuvu na maabara haitaotesha chochote. Lebo andika kwa penseli, wino wa peni unayeyuka. Tarehe, aina ya mti, mahali, basi.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kugusa mti mwingine

Visu na zana nyingine, brashi kwanza, dawa baadaye, maana spiriti haipenyi kwenye tope. Viatu pia, vimelea vya Phytophthora vinakaa kwenye udongo na unavibeba kwenye soli bila kujua. Wengine wanatumia klorini, mimi siipendi kwa visu, inakula chuma.

Hatua ya 6: Ripoti

Ofisi ya misitu au ya afya ya mimea, na picha zako.

Hatua ya 7: Dawa au kukata

Kupulizia shina kwa nje kwa mabuu yaliyo chini ya gome ni kumwaga hela, yako ndani, dawa iko nje. Kwa Agrilus kuna emamektini, dawa ya wadudu inayochomwa ndani ya shina na inafanya kazi, ila mti uwe bado una majani mengi. Kwa Euwallacea msaada ni mdogo, maana mdudu mwenyewe hali mbao, anakula kuvu wake. Huyo kata, saga vipande visivyozidi sentimita 2.5, palepale mti ulipoangukia. Huna mashine, funika magogo kwa plastiki angavu juani, kingo zote zikandamizwe kwa udongo, uache kwa miezi.

Wa jamaa yangu mti mmoja tu umekatwa, miwili tunaikagua kila wiki mbili kwa rula ileile.