Kabla ya kuwapeleka watoto Ruaha: mtakula wapi?

Shule zikifungwa mwezi Juni, simu yangu hapa Iringa haipumziki. Ndugu wa Dar es Salaam, wa Dodoma, hadi wa Tanga, wanataka kuleta watoto waone tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wanauliza gari, wanauliza viingilio, wanauliza baridi ya Iringa ikoje. Chakula hawaulizi. Wamezoea safari za basi, ambako gari likisimama tu, mahindi na mayai yanaingia dirishani. Halafu unamkuta mtu yuko getini saa saba mchana na watoto wanne, na ndani ya gari zimebaki pakiti mbili za biskuti.

Kutoka mjini hadi Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Hoteli za kuchagua zinaishia mjini. Baada ya hapo ni vijiji, Idodi kisha Tungamalenga, ambako zipo kambi za wageni na mama lishe wachache, na ukishapita geti ni wanyama na miti. Kwa hiyo chukua karatasi uandike kila mlo utaliwa mkiwa wapi. Mlo ulioangukia porini ndio wa kuupanga kwanza. Ya mjini haina shida, hata ukiamua palepale.

Wanaolala kwenye kambi za watu binafsi ndani ya hifadhi wana nafuu, kwa kuwa mara nyingi bei ya kulala imeshaingiza milo yote. Waulize mambo mawili tu: kama mpishi anaweza kuwapikia watoto chakula kisicho na pilipili, na kama watawafungia cha mchana mkitaka kuzunguka siku nzima. Ila usizitegemee kambi hizo kama unaenda na kurudi. Wanapika kwa hesabu ya vichwa, si kama hoteli ya stendi ambako unaingia na kukaa. Kwa mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe, siku unapoweka nafasi ya kulala uliza waziwazi kama kuna atakayewapikia au mtajipikia, na kama mnajipikia mje na nini. Kibali cha kuingia ni cha saa 24. Kama unawaza kutoka nje kula Tungamalenga kisha urudi, muulize askari wa getini kabla hujatoka, maana huenda ukatakiwa kulipa upya.

Sasa niseme habari ya chakula cha kufunga, maana hapo ndipo nilipoumia.

Mwaka mmoja nilikwenda na watoto wa dada yangu. Chakula nilichukua kwenye mgahawa mmoja mjini: pilau na kuku, vimefungwa saa kumi na moja alfajiri vikiwa vinatoa moshi, ndani ya kila kifuniko matone ya mvuke yamejipanga. Tukaviweka nyuma ya gari. Saa saba na nusu nikafungua. Wali umeshikana, una majimaji, na harufu imebadilika kidogo tu, ile harufu unayojiambia kwamba labda ni viungo. Mkubwa wao, mwenye njaa kuliko wote, akala zaidi ya nusu. Saa kumi alikuwa anatapika, tuko mahali ambapo hairuhusiwi kushuka kwenye gari, na mimi namshikia kopo mapajani huku nikimfuta uso kwa kanga.

Nimejifunza sababu yake baadaye. Chakula kilichopikwa kikikaa katikati, si cha moto hasa wala si cha baridi, vijidudu huongezeka haraka. Wanaoshughulika na usalama wa chakula wanasema kisizidi saa mbili katika hali hiyo, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwani una bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu wanayoitoa haiondoki hata ukiupasha tena. Mtu anayetoka Iringa mjini anadanganyika na baridi. Alfajiri ya Julai hapa unavaa sweta mbili, lakini barabara inashuka, na mchana kule bondeni kwenye mto Ruaha Mkuu gari lililoegeshwa juani ni tanuri.

Ndiyo maana siku hizi sichagui mgahawa wa kunifungia kwa kuangalia orodha yake ya vyakula. Namuuliza mpishi: "Unapika saa ngapi, na unafunga kikiwa kimepoa au cha moto?" Akikujibu bila kusitasita, huyo anaijua kazi yake. Akisema atafunga cha jana usiku, nashukuru naondoka. Na naagiza vitu vikavu: chapati, mihogo ya kukaanga, viazi vitamu, karanga, mkate, pamoja na matunda yanayomenywa kama ndizi na machungwa. Parachichi huku tunazo nyingi na nzuri, za Njombe na za Rungwe; kata moja, weka chumvi, paka kwenye chapati, mtoto ameshiba. Kama ni lazima kuwe na nyama au mayai, yakae kwenye boksi la barafu. Jioni ya kuamkia safari waombe mnapolala wagandishe chupa za maji kwenye friza. Asubuhi zinapoza chakula, mchana mnazinywa zikiwa bado za baridi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mje na kikapu. Vikapu vya milulu vya hapa Iringa vinauzwa sokoni, vinabeba kilo nyingi, na vina mdomo mpana, huhitaji kufukua ukitafuta chumvi. Kula kwenye maeneo yaliyotengwa na hifadhi, na vioo vya gari viwe vimefungwa. Nyani na ngedere wanajua sauti ya kifuniko cha chakula. Usimrushie hata ganda la ndizi: hairuhusiwi, na mnyama aliyezoea kulishwa ndiye anayemkwapua mtoto chapati mkononi.

Kama mnalala Tungamalenga, piga simu siku moja kabla na useme idadi, saa, na aina ya chakula. Niliwahi kufika kambi moja ya nje ya geti saa nane mchana bila taarifa. Walitukaribisha vizuri, wakatuuliza tunataka nini, tukasema kuku. Baada ya muda kijana akapita mbele yetu na baiskeli, kuku yuko hai amefungwa miguu kwenye usukani. Tulikula saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, siku ikawa imekwisha. Sikuona kosa lao. Hakuna mpishi wa kijijini atakayeweka kuku kumi wa kukaanga akisubiri gari lisilojulikana. Tangu hapo napiga simu, natuma kianzio kidogo kwa simu, na jioni napiga tena kuhakikisha kwamba ujumbe umemfikia mpishi mwenyewe, si mlinzi aliyepokea.

Kuhusu fedha, kuna jambo linalowachanganya wageni. Getini malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, noti hazipokelewi. Kijijini ni kinyume: mtandao ukikata, Lipa Namba haisaidii, na mama lishe hana chenji ya elfu kumi asubuhi. Beba vyote viwili.

Turudi mjini, maana hapo kuna kuchagua kweli. Watu husema fuata wanapokula madereva wa malori. Mimi siifuati sana hiyo. Dereva anataka sahani kubwa na haraka, kesho yuko Tunduma, hata akiumwa tumbo hatarudi kulalamika. Ninaangalia wanapokula walimu na wafanyakazi wa ofisi za karibu, watu wanaorudi palepale kila siku. Fika saa sita na nusu, simama kidogo kabla ya kukaa. Maji ya kunawa yana sabuni? Sahani zinakaushwa juu ya kichanja au zinafutwa kwa kitambaa kilekile kinachofuta meza? Na ukisikia saa nane "maharage yameisha," usikasirike. Hapo wanapika cha leo.

Maharage yenyewe yana habari yake. Iringa ipo kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na kadiri unavyopanda maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Mbeya ni kama 94. Maharage au makande ambayo Dar yangeiva mapema, huku yanakaa sana jikoni. Mgahawa unaokuahidi makande ndani ya nusu saa ama umeyapika tangu alfajiri ama utakuletea magumu. Agiza mapema ukatembee, urudi.

Nikiwa na wageni wa mara ya kwanza huwa nawapeleka Neema Crafts. Ni karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na ina mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Unaandika oda yako, au unajifunza ishara mbili tatu. Waelezeni watoto kabla hamjaingia, ili wasianze kupiga kelele wakidhani hawasikilizwi. Mpwa wangu wa miaka sita alijifunza ishara ya "asante" na akaitumia safari nzima, hata kwa twiga.

Kwa ndugu Waislamu, jueni kwamba nyanda za juu kusini kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni chakula cha kawaida sana, Iringa, Makambako hadi Mbeya. Shemeji yangu wa Tanga hakutaka kuuliza kwa aibu, akashinda na chai. Hakuna aibu. Uliza kama chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale, uliza kisu na ubao. Zipo hoteli za Waislamu katika kila mji wa njia hii, na mtu yeyote wa karibu na msikiti atakuelekeza.

Wali utakaoletewa, Iringa au Mbeya, mara nyingi ni wa Mbarali au wa Kyela. Wa Kyela unanukia tangu jikoni. Wa Mbarali unalimwa kwenye bonde la Usangu, kwa maji yanayokwenda Ruaha Mkuu, na tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mkifika Septemba mtaona tembo wakichimba mchanga kutafuta maji. Watoto wataulizia, waambieni maji yalikopita.

Wanaoongeza siku kwenda Kitulo wajue kwamba Ruaha kuna joto na Kitulo kuna baridi, na mahitaji ya chakula yanageuka. Hifadhi hiyo ya maua ilianzishwa mwaka 2005, ipo juu kwenye mita 2,600 hivi, na wengi huiita Bustani ya Mungu. Maua huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua maana yake tope na kuchelewa. Juu kule hakuna mgahawa. Kuleni Uyole, pale Mbeya, kabla ya kupanda, au Chimala kama mnapita ile barabara ya kupanda yenye kona 57, na mbebe chupa mbili za chai ya maziwa yenye tangawizi. Okidi mtakazoziona zina viazi chini ya ardhi ambavyo Zambia hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na ni biashara hiyo ya kuzichimba iliyokuwa ikizimaliza. Msinunue wala msing'oe.

Matema, kwenye Ziwa Nyasa, samaki huagizwa asubuhi. Mbasa akipatikana, usiulize bei mara mbili. Usipa, wale samaki wadogo, huvuliwa usiku kwa taa, hivyo siku za mbalamwezi huadimika.

Na ulanzi, pombe ya mianzi. Wageni wote wanataka kuonja, na msimu wake ni mvua. Ule mpya, mtogwa, ni mtamu kama juisi na ndiyo maana unawaponza watu: unaendelea kuchachuka ndani ya chupa hadi kuwa mkangafu. Usimpe mtoto, usimpe dereva, na usifunge kizibo ukauacha kwenye gari la moto. Utapasuka, na viti vitanuka hadi Morogoro.

Jioni ya kuamkia safari, mkiwa mmeshafika Iringa, kuleni mapema na chepesi, kitu ambacho watoto wanakifahamu. Ndizi za mbuzi na vyakula vipya viwe vya siku ya kurudi. Kikapu kikae ndani, karibu na anayekaa mbele, kisiwekwe kwenye buti. Watakiulizia kabla hamjafika Idodi.