Kikao cha JzU kwa kutumia madaftari ya wanafunzi: namna ya kukiendesha hatua kwa hatua

Mwezi uliopita mwalimu wa taaluma wa shule jirani alinipigia simu. Shuleni kwao Jumuiya ya Ujifunzaji (JzU), yaani walimu wa shule wanaokaa pamoja kujifunza kazi yao, inakutana kama MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) inavyoelekeza, mahudhurio yanasainiwa, moduli ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) inasomwa kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho, kisha kila mtu anarudi darasani kufundisha vilevile alivyofundisha jana. Aliniuliza, "Mwalimu, nyie mnafanyaje?" Nilikwenda, tukakaa vikao viwili pamoja. Nimeandika hapa tuliyoyafanya, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye shida hiyohiyo.

Mfano wangu ni hisabati ya darasa la tatu kwa sababu ndiyo ninayoifundisha, huku Muheza. Ukifundisha Kiswahili, weka imla au ufahamu mahali pa hesabu, utaratibu haubadiliki.

Hatua ya 1: Chagueni tatizo dogo

"Ufaulu wa hisabati uko chini" ni kilio, na kikao hakiwezi kukifanyia kazi kilio. Kikao kinahitaji kitu kama hiki: watoto wa darasa la tatu wakipewa kutoa kwa kukopa, wengi wanakosa. Tatizo likienea kwenye sentensi moja na mwenye darasa akikubali kwamba ndilo linalomsumbua, endeleeni. Msimchagulie.

Hatua ya 2: Tungeni zoezi la maswali matano

Naomba usome hatua hii taratibu, maana ndiyo iliyotugharimu.

Kikao cha kwanza kabisa shuleni kwetu nilibeba madaftari ya zoezi lililokwisha kusahihishwa. Swali la pili lilikuwa 52 − 27, na watoto wengi walijibu 35. Mimi nikasema hawa wamegeuza: wanatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote zilipo. Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano. Mwenzangu wa darasa la pili akasema hapana, hawa wamekopa vizuri, kumi na mbili toa saba ni tano, ila wamesahau kwamba yale makumi matano yamebaki manne. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano. Tulianza saa nane mchana, tukabishana mpaka kivuli cha mwembe kikafika mlango wa ofisi, kila mmoja na madaftari mkononi, na madaftari yaleyale yakitupa haki sote wawili. Kesho yake tukafundisha kukopa upya kwa darasa zima. Waliokuwa wakigeuza hawakuambulia kitu, kwa sababu hawakuona sababu ya kukopa. Waliosahau kupunguza makumi walikaa kimya wakisikiliza jambo ambalo walishalijua nusu.

Ilinichukua wiki nzima kuona kwamba kasoro ilikuwa kwenye swali lenyewe. Angalia mamoja: 2 na 7. Tofauti yake ni tano. Anayegeuza anaandika tofauti hiyo, tano. Anayekopa anapata kumi ukitoa tofauti hiyo, nayo ni tano vilevile. Makosa mawili ya watoto wawili wenye mawazo tofauti yanavaa jibu moja, na mwalimu anayesahihisha kwa vyema na kosa hawezi kuyatenganisha.

Kwa hiyo sheria yangu, na sitaki mzaha nayo: unapotunga zoezi la kuchunguza kutoa kwa kukopa, usitumie mamoja yenye tofauti ya tano. Epuka 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9. Maswali tunayoyatumia ni haya:

78 − 35. Jibu ni 43. Hapa hakuna kukopa. Akikosa hili, shida yake iko nyuma zaidi, na huna sababu ya kumhukumu kwa manne yanayofuata.

54 − 28. Jibu ni 26. Aliyegeuza ataandika 34, aliyesahau kupunguza makumi ataandika 36.

60 − 24. Jibu ni 36. Aliyegeuza ataandika 44, aliyesahau ataandika 46. Yupo pia anayeamini kwamba sifuri toa nne ni sifuri. Huyo ataandika 40. Sikuwahi kujua kwamba ninao watoto wa namna hii mpaka nilipoweka swali lenye sifuri.

81 − 37. Jibu ni 44. Aliyegeuza, 56. Aliyesahau, 54.

Mama alikuwa na machungwa 43, akauza 19. Amebakiwa na mangapi? Jibu ni 24. Aliyegeuza, 36, aliyesahau, 34, na ukikuta 62 ujue amejumlisha, na hapo huenda shida ni ya kusoma wala si ya hesabu. Mpe habari hiyo mwalimu wa Kiswahili.

Tahadhari ni kadhaa. Andika hesabu ubaoni kwa wima, si kwa mlalo, la sivyo utachanganya mtoto asiyejua kupanga makumi chini ya makumi na yule asiyejua kukopa. Usiseme kosa fulani ni tabia ya mtoto kabla hujaliona angalau kwenye maswali mawili, kwa kuwa mara moja inaweza kuwa haraka tu ya kuwahi mapumziko. Na fungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Nimekutana na daftari lenye majibu yote sahihi, ukurasa wa nyuma umejaa vistari: amechora vistari 54, akafuta 28, akahesabu vilivyobaki. Mtoto huyo anapata vema kila siku. Siku utakapompa 502 − 178 atabaki anakutazama, na wewe utashangaa kwa nini mtoto mzuri ameanguka ghafla. Madaftari kama hayo wekeni kwenye fungu lake peke yake.

Ukitaka kutumia mada nyingine, kabla hamjampa mtoto swali, kaeni na mlifanye ninyi wenyewe kwa kila njia isiyo sahihi mnayoweza kuifikiria. Njia mbili zikileta jibu moja, badilisheni namba. Kwenye sehemu, kwa mfano, anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ataandika 2/5 kwa ½ + ⅓. Tafuteni swali ambalo jibu lake la kosa halifanani na jibu la kosa jingine lolote.

Hatua ya 3: Kusanyeni madaftari

Daftari moja kwa kila dawati. Watoto watatu wanaokaa pamoja huwa na makosa yanayofanana kwa sababu tunazozijua sote. Madaftari kumi na tano hadi ishirini yanatosha kwa kikao cha saa moja na nusu, hata kama darasa lina watoto tisini. Yasisahihishwe kabla. Alama ya kalamu nyekundu ikishawekwa, jicho linakwenda kwenye alama na kuacha kazi ya mtoto.

Vishikwambi tulivyopewa baada ya sensa ya 2022 ni vizuri kwa kusomea moduli, lakini kwa kazi hii viacheni mkobani. Nimejaribu picha za madaftari kwenye kundi la simu: mtu anatazama picha mbili, anaandika "kazi nzuri mwalimu", basi. Daftari lenyewe likiwa mezani unaona palipofutwa kwa mate, unaona alipoandika 26 kisha akaibadili kuwa 34 kwa kutojiamini.

Hatua ya 4: Kaeni, pangeni kwa aina ya kosa

Kaeni darasani kwenye madawati ya watoto, msikae ofisini. Mwalimu mkuu akija, karibu sana, aketi kwenye dawati kama wengine na hotuba iachwe kwa siku nyingine. Mwenye darasa ndiye anayefungua kikao, kwa dakika tano, aseme alifundisha vipi na anatilia shaka nini. Akitangulia yeye, hatajitetea baadaye.

Kisha mafungu mezani. Usipange kwa alama. Watoto wawili wenye mbili kati ya tano wanaweza wasiwe na kitu chochote kinachofanana. Fungu la waliogeuza, fungu la waliosahau kupunguza makumi, fungu la sifuri, fungu la vistari, fungu la tusiowaelewa. Hili la mwisho lisionewe aibu.

Tuna kanuni moja ya kuzungumza. Kila sentensi kuhusu mtoto inaanza na "ameandika". Hairuhusiwi kusema "huyu mzito" au "huyu nyumbani kwao hawamfuatilii". Mwanzoni walimu wazoefu waliona ni ya kitoto. Lakini itazameni ikifanya kazi. Mwenzetu mmoja alichukua daftari akaanza kusema "huyu hana akili ya", akakatisha, akarudi: "Ameandika 87 toa 35." Tukanyamaza. Ubaoni ilikuwa 78. Tukafungua kurasa za nyuma: 54 imeandikwa 45, na nyingine za namna hiyo, wiki baada ya wiki. Hesabu alizojinakilia mwenyewe alizifanya vizuri, ila hazikuwa zile tulizompa. Alikuwa anakaa dawati la mwisho. Tulimhamishia mbele kesho yake na kumwita mzazi kuhusu macho. Mwaka mzima alikuwa anapata kosa na hakuna aliyeuliza ameandika nini.

Wekeni pia daftari la mahudhurio mezani. Mtoto aliyekosa siku nne za wiki mliyofundisha kukopa hahitaji uchambuzi wowote, anahitaji kufundishwa.

Hatua ya 5: Muulizeni mtoto mwenyewe

Kesho yake, mtoto mmoja kutoka kila fungu, mwalimu mmoja tu, mahali tulivu. Mpe swali jipya, mwambie afanye huku akisema kwa sauti. Usimrekebishe. Hili ni gumu kwetu walimu, mdomo unawasha. Shika kalamu uandike anachosema.

Msichana wa fungu la kwanza aliniambia, "Nne haiwezi kutoa nane, mwalimu, kwa hiyo nikaanza na nane." Kwake hiyo ni kanuni, tena ameishika vizuri: kubwa hutangulia. Bila shaka tulimpa sisi wenyewe tangu darasa la kwanza, tuliposema "hatuwezi kutoa kubwa kwenye ndogo".

Mvulana wa fungu la pili:

"Nimekopa."

"Umekopa kwa nani?"

"Kwa tano."

"Tano amebaki na ngapi?"

"Tano."

"Amekukopesha, halafu bado anazo tano?"

Akatazama karatasi muda mrefu, akatabasamu, akakata ile tano akaandika nne juu yake. Huyo hakuhitaji somo jipya. Alihitaji swali hilo moja.

Hatua ya 6: Kubalianeni jambo moja, mlitazame likifanyika

Jambo moja, si matano. Sisi tulikubaliana kwamba waliogeuza watarudi kwenye vijiti: mafungu matano ya kumi yaliyofungwa kwa uzi na vijiti vinne pembeni. "Nipe ishirini na nane." Mtoto anatoa mafungu mawili, anatafuta vijiti vinane, anaona ana vinne, na hapo lazima mkono wake ufungue fungu. Hawezi kugeuza vijiti. Napenda vijiti kuliko vizibo vya soda kwa sababu kizibo hakifungwi kumi kumi, na hapa kufungua ndilo somo lenyewe.

Mmoja anafundisha, wawili au watatu wanaangalia. Wajapani wamefanya kazi namna hii kwa miongo mingi, wanaiita jugyō kenkyū, na jambo la kuchukua kwao ni hili: mwangalizi anamtazama mtoto. Kila mwangalizi apewe watoto watatu, asimame karibu yao, aandike wanachofanya na mikono yao. Mwalimu anayefundisha asipewe maksi na mtu yeyote. Akija mtu na fomu ya kumkagua, mwombeni aje siku nyingine.

Hatua ya 7: Rudini baada ya wiki mbili

Zoezi jipya, namba mpya, madawati yaleyale. Tungeni upya kwa sheria ya hatua ya pili. 72 − 34 na 90 − 53 zinafaa. Pangeni mafungu tena mweke pembeni ya yale ya kwanza. Kwenye daftari la JzU andikeni tatizo, jambo mlilojaribu, na fungu lipi limepungua. Afisa Elimu Kata wetu alipolisoma aliliazima kwa wiki nzima.

Waliobaki wapangieni kipindi cha rekebishi kwa majina na kwa aina ya kosa, mwalimu mmoja fungu moja, dakika ishirini kabla ya kengele ya asubuhi. Fungu letu la kwanza lilipungua sana, la sifuri halikusogea hata kidogo. Jumatano ijayo tunaanza na 60 − 24, na shule jirani imesema italeta madaftari yake.