Namna ya Kuonesha Fumbo la Kwanta (Fizikia ya Chembe Ndogo Mno) kwa Unywele Mmoja

Baada ya sala ya Isha, chumba chochote cha Wete kilichofungwa madirisha kinatosha. Toboa tundu katika kadi, ubandike unywele mmoja katikati yake kwa selotepu, kisha uumulike kwa tochi nyekundu ya leza uliyoilaza juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwani mkono hutikisika, ukielekea ukuta mweupe ulio umbali wa mita 3. Kamwe usiielekeze machoni pa mtu. Badala ya kivuli kimoja utaona mistari ya mwanga na giza iliyoachana kwa takriban sentimita 2, kwa kuwa mawimbi ya mwanga yanayopita pande mbili za unywele huongezana hapa na kufutana pale.

Usikimbilie tafsiri. Waeleze kwanza wanafunzi kwamba mistari hiyo hujengeka hata chembe za mwanga zikipita moja moja, jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Ndipo uwatajie wanafizikia watatu walioifasiri mistari hiyo. Bohr, aliyeona kuwa haina maana kuzungumzia njia ya chembe bila kuipima. Bohm, ambaye mwaka 1952 aliipa chembe njia halisi inayoongozwa na wimbi. Na Everett, aliyesema mwaka 1957 kwamba kila tokeo hutimia katika tawi lake la ulimwengu. Wote watatu hutabiri mistari ile ile, kwa hiyo mwanafunzi akiuliza nani amepatia, mwambie kuwa ukuta huu hauwezi kuamua.